Nini Kilisimama? Mgomo, Reli na Kiwanda cha Nzara

Muhula uliopita darasa letu lilifanya mdahalo juu ya mada hii: vyama vya wafanyakazi na sera za mrengo wa kushoto ndivyo vilivyoiangusha Uingereza katika miaka ya 1970. Nilipangwa upande wa kuunga mkono, na nilijiandaa vizuri. Nilieleza mfumuko wa bei uliopita asilimia 24 mwaka 1975. Nilieleza jinsi serikali ya James Callaghan ilivyoweka kikomo cha nyongeza ya mishahara cha asilimia 5, na wafanyakazi wa Ford wakapata 17 baada ya kugoma. Nikamalizia na majira ya baridi ya 1978 hadi 1979, taka zilipolundikana Leicester Square katikati ya London, na wachimba makaburi wa Liverpool walipogoma hata maiti zikakaa zikisubiri. Hiyo ya maiti ndiyo iliyotupa ushindi. Darasa zima lilipiga meza.

Jioni nilimsimulia mama. Mama ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Juba, na wakati huo alikuwa anaingia mwezi wa tano bila mshahara. Alinisikiliza huku akikanda unga wa mandazi ya kuuza asubuhi, kisha akauliza: "Hao watu walipogoma, nini kilisimama?" Nikamtajia umeme, magari ya taka, bandari, treni. Akasema: "Basi walikuwa na bahati, mwanangu. Sisi tulipogoma mwaka juzi, waliosimama ni watoto tu, na watoto wenyewe ni wetu."

Insha hii ni jaribio la kulichukua swali lake kama swali la historia. Katika mdahalo tuliuliza kama vyama vya wafanyakazi ni vizuri au vibaya kwa uchumi. Nadhani tulianzia mbali. Kwanza tulipaswa kuuliza mfanyakazi ana uwezo wa kusimamisha kitu gani, na nani ataumia kikisimama. Nitaonyesha kwamba hapa kwetu, jibu la swali hilo lilichangia kuamua kama madai ya mshahara yataishia mezani au yatakwenda mpaka kambi ya jeshi.

Niimalize Uingereza kwanza, maana si ndefu. Mwanzoni mwa 1974 wachimbaji wa makaa ya mawe waliibana serikali ya Edward Heath. Umeme wa nchi ulitegemea makaa, kwa hiyo viwanda vingi viliruhusiwa kutumia umeme siku tatu tu kwa wiki. Heath aliitisha uchaguzi mwezi Februari akiwauliza wananchi nani anaitawala nchi, akashindwa. Miaka kumi baadaye wachimbaji haohao waligoma tena, kuanzia Machi 1984 hadi Machi 1985, wakarudi kazini bila kupata kitu. Ujasiri wao ulikuwa uleule. Lakini safari hii serikali ya Margaret Thatcher ilikuwa imelimbikiza makaa mapema, wachimbaji wengi wa Nottinghamshire waliendelea na kazi, na mitambo ya umeme ilichoma mafuta badala ya makaa. Taa hazikuzimika. Mwaka 1974 walisimamisha kitu, mwaka 1984 hawakuweza. Katika mdahalo nilizitaja tarehe zote mbili kwa sauti kubwa bila kuliona hilo.

Sasa nirudi kwetu, na niingilie mlango ambao sikuutarajia. Sudan haikuwa chini ya Wizara ya Makoloni ya Uingereza. Kwa kuwa ilitawaliwa kwa ubia na Misri, mambo yake yalipitia Wizara ya Mambo ya Nje. Na waziri wa wizara hiyo kuanzia Julai 1945, katika serikali ya Labour ya Clement Attlee, alikuwa Ernest Bevin, mtu aliyeacha shule akiwa mtoto, akafanya kazi za shamba na za kuendesha mkokoteni, na mwaka 1922 akawa katibu mkuu wa kwanza wa chama cha wafanyakazi wa uchukuzi, kilichokuja kuwa kikubwa kuliko vyote nchini mwake. Serikali yake ilitaifisha migodi ya makaa mwaka 1947 na reli mwaka 1948. Kwa maneno mengine, wafanyakazi wa reli wa Sudan walipogoma katika miaka hiyohiyo, mkubwa wao wa mwisho kule London alikuwa kiongozi wa wagomaji wa zamani.

Sitaki kuichezea sana habari hiyo, ingawa inavutia. Bevin hakuwa Atbara. Waliokuwa Atbara, mji wa reli kaskazini mwa Khartoum, ni mafundi na vibarua ambao mwaka 1946 waliunda jumuiya ya kushughulikia mambo yao. Julai 1947 waliandamana kwenda makao makuu ya reli wakitaka jumuiya hiyo itambuliwe. Viongozi walikamatwa, kazi ikasimama karibu siku kumi, na serikali ikakubali kuitambua. Mwaka uliofuata waligoma tena kwa ajili ya mishahara, siku 33. Mwaka huohuo wa 1948 ikatungwa sheria ya vyama vya wafanyakazi, na mwaka 1950 likaundwa shirikisho la vyama vyote vya Sudan.

Kwa nini walisikilizwa? Pamba ya Gezira, uti wa mgongo wa mapato ya nchi, ilifika Port Sudan kwa reli. Treni ikisimama, pamba inalala stesheni na hazina inakauka. Mama angeelewa mara moja.

Mwezi mmoja kabla ya mgomo huo wa kwanza, tarehe 12 na 13 Juni 1947, ulifanyika hapa Juba mkutano ambao kila mwanafunzi wa Sudan Kusini anaujua. Tunaufundishwa kama mkutano wa umoja wa nchi, chini ya uenyekiti wa James Robertson, na ni kweli. Lakini wajumbe wa kusini walikuwa pia waajiriwa, na karani wa kusini alilipwa chini ya karani wa kaskazini. Inasimuliwa sana kwamba usiku wa kati ya siku hizo mbili, Jaji Muhammad Saleh Shingeiti alizungumza na baadhi yao, na kwamba mishahara iliyo sawa ilikuwa miongoni mwa hoja zilizowageuza. Atbara walidai mshahara kwa kusimamisha treni. Wa kwetu waliahidiwa mshahara chumbani, wakaamini.

Tuje Nzara, karibu na Yambio. Ukilitafuta jina la Nzara katika vitabu vya dunia utakutana na Ebola, kwa sababu wagonjwa wa kwanza wa mlipuko wa 1976 nchini Sudan walikuwa wafanyakazi wa kiwanda cha pamba cha huko. Kiwanda hichohicho kina historia nyingine, ya zamani zaidi. Katikati ya miaka ya 1940 mtaalamu wa kilimo J. D. Tothill alibuni mpango kwa ajili ya Wazande: walime pamba, isokotwe na kufumwa palepale, nguo na sabuni ziuzwe karibu, na eneo lililo mbali na bahari lijitegemee. Makumi ya maelfu ya familia zilihamishwa na kupangwa kwa mistari kando ya barabara. Msimamizi alikuwa bodi ya serikali. Tothill hakuwa mjamaa, lakini msomaji wa Tanzania anayekumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ataiona sura anayoifahamu: nia njema ofisini, mistari iliyonyooka kwenye ramani, na mtu aliyezoea kulima anapopenda anaambiwa hapa ndipo kwako.

Mwaka 1954, wakati nafasi za Waingereza zilipogawiwa Wasudani, watu wa kusini walipata nafasi 6 kati ya zipatazo 800. Julai 1955 bodi ya Nzara iliwafukuza wafanyakazi wapatao 300, wote wa kusini, huku watu wa kaskazini wakiingia katika kazi za juu. Tarehe 26 Julai watu waliandamana. Askari wakafyatua risasi, wakaua kadhaa. Tarehe 18 Agosti kikosi cha Equatoria kikaasi Torit, na nchi ikaingia uhuru wa tarehe 1 Januari 1956 ikiwa tayari na damu mikononi.

Sisemi Nzara peke yake ndiyo iliyoleta Torit. Kulikuwa na amri ya kuhamisha askari kwenda kaskazini, kesi ya mbunge wa Wazande huko Yambio, uvumi, na zile nafasi 6. Ila tazama mgogoro wenyewe jinsi ulivyokuwa: watu wamefukuzwa kazi, wanataka sababu. Kwa mfanyakazi wa Atbara hilo lilikuwa jambo la kugomea, kujadiliana na kurudi kazini. Wa Nzara wangegomea nini? Hakukuwa na reli kusini. Treni ya kwanza ilifika Wau miaka ya 1960. Kiwanda kikifungwa, Khartoum hakuna aliyekosa sukari ya chai. Mgomo wao ungewanyima sabuni jirani zao tu. Basi malalamiko yao hayakuwa na mahali pa kushika, na yalipokosa mahali pa kushika, walioyajibu ni wenye bunduki, wa pande zote mbili.

Rafiki yangu mmoja wa Yambio, aliyekuwa upande wa kupinga katika mdahalo, alisoma rasimu ya insha hii akanikatalia. Alisema naisifu Atbara kupita kiasi, maana mshahara wa fundi wa reli haukumwongezea mkulima wa Kizande hata piastre moja, na chama chenye nguvu katika nchi maskini ni chama cha wachache waliokaa karibu na mtambo. Ana haki. Mkulima aliyepangwa kwenye mstari hakuwa mwajiriwa, kwa hiyo hata sheria nzuri ya vyama isingemgusa. Nimeiacha hoja yake hapa kwa sababu sina jibu lake kamili. Ninachoweza kusema ni kwamba waliokaa karibu na mtambo angalau waliilazimisha serikali kuzoea kukaa mezani, na mazoea hayo hayakufika kwetu.

Na je, serikali ya mrengo wa kushoto ingeyaleta? Hapa nina mashaka. Rashidi Kawawa alikuwa katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi la Tanganyika, kisha mwaka 1962 akawa waziri mkuu, na mwaka huohuo zikapitishwa sheria za kubana migomo. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 shirikisho lilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja ambacho katibu mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia waziri wa kazi. Wafanyakazi walipata mambo kadhaa kutoka serikalini, lakini walipewa. Uwezo wa kudai uliondoka. Khartoum ilikuwa mbaya zaidi. Jaafar Nimeiri alichukua madaraka Mei 1969 akiungwa mkono na wakomunisti, na Joseph Garang, mwanasheria wa kusini aliyeshikilia kwamba tatizo la Kusini ni la uchumi kwanza, akawa waziri wa mambo ya Kusini. Julai 1971, baada ya jaribio la mapinduzi kushindwa, Nimeiri alimnyonga Garang pamoja na Shafie Ahmed el-Sheikh, kiongozi wa shirikisho la wafanyakazi wa Sudan. Katika siku hizohizo chache nchi ilimpoteza mtu aliyeweza kusimamisha treni na mtu aliyeweza kuwaeleza wenye treni kuhusu Nzara.

Leo zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya serikali yetu hutokana na mafuta, yanayosafiri kwa bomba hadi Port Sudan, bandari ileile ya pamba ya Gezira. Bomba halihitaji walimu. Halihitaji wauguzi, makarani wala wanafunzi wa historia. Lilipopasuka Februari 2024 katika vita vya Sudan, hazina ilikauka na mishahara ikazidi kuchelewa. Lakini walimu wakiacha kufundisha, mafuta yanapita vilevile. Ajabu ni kwamba katika miaka hii yote mgomo mkubwa kuliko yote uliofanywa na serikali yenyewe: Januari 2012 ilifunga visima vyake kwa sababu ya ugomvi wa ada ya bomba na Khartoum, na haikuvifungua hadi Aprili 2013. Viongozi wetu wanajua vizuri sana maana ya kusimamisha kitu ili usikilizwe.

Nilimsomea mama sehemu ya Nzara. Alisema hajawahi kuisikia, akaniuliza wale 300 walirudishwa kazini au la, kisha akaendelea kusahihisha madaftari. Mgomo wao wa mwaka juzi ulikwisha wiki ya tatu. Darasa la nane lilikuwa na mtihani, na walimu walirudi mmoja mmoja, kila mtu kwa siku yake. Hakuna aliyewaita kuzungumza.