Kioo cha Saa na Vumbi la Iringa

Katika saa ya mkono, kioo ni kitu cha kwanza kuonekana na cha mwisho kufikiriwa. Mnunuzi hutazama jina lililoandikwa usoni, huisogeza saa sikioni asikilize mwendo wake, hupima uzito wa mkanda, akalipa akaenda zake. Kiangazi kimoja kikipita hutambua kuwa alinunua kioo pia, na kwamba kioo hicho ndicho kilichobeba taabu zote kwa niaba ya mashine iliyojificha chini yake. Ukiacha kioo cha kawaida, saa za kutiwa ufunguo huvikwa vioo vya namna mbili: akriliki, ambayo ni plastiki, na yakuti, ambayo ni jiwe. Wauzaji hulikata shauri hilo kwa bei, wakasema kwamba kilicho ghali ndicho bora. Katika Iringa shauri hilo lina majibu mengine, na jibu la kwanza limo ardhini.

Mji wa Iringa umekaa juu ya kilima kiutazamacho mto wa Ruaha Mdogo, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Umezungukwa na mawe makubwa ya itale, na mojawapo, Gangilonga, Wahehe wamelipa jina lenye maana ya jiwe lisemalo. Itale ikiliwa na jua na mvua kwa karne nyingi, sehemu zake dhaifu hugeuka udongo. Sehemu yake ngumu, yaani kwatzi, hubaki punje za mchanga. Ugumu wa kwatzi ulijulikana hapa tangu zamani za kale. Huko Isimila, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini kwa njia ya Mbeya, zana za mawe za watu wa kale zilionekana mwaka 1951, na wataalamu walichimba hapo mwaka 1957 na 1958. Miongoni mwa mawe yaliyochongwa na watu hao mna kwatzi.

Mwaka 1812 Friedrich Mohs, bingwa wa madini, aliyapanga mawe katika daraja kumi za ugumu, kila jiwe likiweza kulikwaruza lililo chini yake. Almasi ina daraja 10, yakuti 9, kwatzi 7. Kioo cha kawaida hakifiki 6, na akriliki hukaa karibu na 3. Basi vumbi la kiangazi cha Iringa, linalotua juu ya meza, majani na mikono ya watu, ni tupa ndogo ndogo zisizohesabika. Mtu apanguzaye saa kavu kwa kono la shati lake huitia tupa kwa mkono wake mwenyewe.

Saa ziliingia katika nyanda hizi zikifuatana na amri na kengele. Wadachi waliiteka ngome ya Mkwawa huko Kalenga mwezi wa Oktoba 1894, wakaweka kituo chao Iringa mwaka 1896. Boma, misheni na skuli vilitaka watu wengi wafike kwa wakati mmoja. Lakini hesabu ya Waswahili, ianzayo na kucha na kuchwa kwa jua, haikufutwa na saa hizo. Akrabu fupi ikielekea saba, msomaji hutamka saa moja. Jicho lake huvuka uso mzima mpaka upande wa pili. Kwa msomaji wa namna hiyo, kioo kikififia upande wowote ni hasara.

Vita vya mwaka 1914 hadi 1918 viliitoa saa mfukoni vikaifunga mkononi, maana askari hakuwa na nafasi ya kufungua vifungo vya koti ili ajue wakati. Iringa yenyewe ilikuwa katika njia ya vita hivyo, na majeshi ya Jenerali Northey yaliingia mjini mwezi wa Agosti 1916. Kioo cha zama hizo kilikuwa kioo cha kweli, na kioo cha kweli huvunjika. Katika mahandaki ya Ulaya askari walizifunika saa zao kwa vifuniko vya chuma vyenye matundu. Baadhi ya saa zilivikwa selulodi, iliyostahimili pigo, lakini ikageuka rangi ya manjano na kushika moto upesi.

Dawa ya udhia huo ilipatikana katika miaka ya 1930. Kiwanda cha Otto Röhm, katika mji wa Darmstadt, kilitoa akriliki yake kwa jina la Plexiglas mwaka 1933, na Uingereza ikatoa ya kwake kwa jina la Perspex. Katika Vita Kuu ya Pili madirisha ya ndege yalifanywa kwa plastiki hiyo; vita vilipokwisha, saa nyingi za Uswisi zilivikwa hiyo hiyo. Karani, mwalimu au dereva aliyenunua saa ya bei ya kadiri katika miaka ya 1950 na 1960 aghalabu alinunua kioo cha akriliki, bila ya kuulizwa na bila ya kujua.

Habari za yakuti ni za ajabu zaidi. Kiswahili, kwa kufuata Kiarabu, hulipa jiwe jekundu na jiwe la samawati jina hilo moja la yakuti, na elimu ya madini imeshuhudia kuwa ni jiwe moja lenye rangi mbalimbali. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kuyeyusha unga wa alumina katika mwali wa moto mkali na kupata yakuti nyekundu. Miaka michache baadaye ikapatikana ya samawati. Yakuti hiyo iliwekwa kwanza tumboni mwa saa, mahali ambapo ncha za magurudumu huzunguka, ili zisiliwe upesi. Saa iliyoandikwa mawe 17 ina vipande 17 vya namna hiyo. Kwa hiyo mtu aliyevaa saa ya kioo cha plastiki alikuwa amekwisha kuvaa yakuti asiyoiona. Kupanda kwake hadi usoni kulikawia, kwani jiwe gumu hivyo hukatwa na kusuguliwa kwa almasi. Ilienea juu ya saa za thamani katika miaka ya 1970 na 1980. Tanzania ina yakuti yake, huko Umba katika mkoa wa Tanga, na huko Tunduru, ambako wachimbaji walimiminika katika miaka ya 1990. Lakini kioo cha saa hutoka tanuruni, na tanuru hizo ziko ng'ambo.

Hapo ndipo anapoingia fundi saa. Katika miji ya Tanzania amekuwa mtu wa barazani, mwenye meza ndogo, kisanduku cha vioo, bisibisi nyembamba kama sindano, na lenzi iliyobanwa jichoni. Akriliki ilimfaa kwa kila hali. Fundi hukibana kioo ukingoni kikanywea kidogo, akakitia mahali pake, akakiachia. Nacho hutanuka na kushika bila gundi. Mikwaruzo huondoka kwa dawa ya meno na kitambaa laini katika muda wa dakika chache. Yakuti haina huruma hiyo. Hutaka kipimo kisichokosea hata sehemu ya kumi ya milimita, mpira wake wa kuzuia maji, na mashine ya kuikandamiza. Ikivunjika, mwenye saa hungojea kioo cha kutoka mbali.

Nayo huvunjika, kwa kuwa ugumu na uimara ni ndugu wasiofanana. Yakuti hulishinda vumbi kila siku, lakini pigo moja la spana ukingoni laweza kuipasua, na vigae vyake, vilivyo vigumu kuliko chuma chochote cha saa, huanguka juu ya uso na ndani ya mashine. Akriliki hushindwa na vumbi kila siku, lakini ikipigwa hubonyea au hupata ufa, ikabaki mahali pake. Wamarekani walipozijaribu saa za wasafiri wa anga mwaka 1965, waliikubali Omega Speedmaster yenye kioo cha plastiki, kisichotawanya vigae. Saa hiyo ilivaliwa mwezini mwezi wa Julai 1969. Jambo lililowafaa wasafiri wale lingemfaa pia dereva wa lori aliyeipita njia ya Iringa na Mbeya kabla ya lami, mkono wake ukigongana na usukani na boneti siku kucha.

Hata hivyo yakuti haistahili kudhulumiwa haki yake. Kila usuguaji huipunguza akriliki unene, na petroli au dawa ya kuyeyushia rangi huweza kuiharibu. Mtu wa ofisini, asiyegongana na kitu ila ukingo wa meza, ataivaa yakuti miaka kumi akaiona kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Ila yakuti isiyopakwa dawa hurudisha kiasi cha sehemu 15 kwa mia ya mwanga, ikametameta mno katika jua la nyanda za juu. Akriliki hurudisha nusu ya kiasi hicho.

Kisha kwatzi ikarudi kwa njia nyingine. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko iliuza Tokyo saa ya mkono ya kwanza inayoongozwa na kipande cha kwatzi na betri. Jiwe lile lile lililokwaruza vioo likageuka kuwa moyo wa saa isiyotaka ufunguo, na baada ya miaka ikawa rahisi hata watu wengi wakaona afadhali kununua nyingine kuliko kutengeneza. Simu za mkononi zikafuata, na kazi ya fundi wa barazani ikapungua.

Mabadiliko hayo ndiyo yanayolitia shauri hili uzito. Akriliki ni bora kwa sharti moja, kwamba awepo mtu wa kuisugua na kuibadili. Fundi akiondoka bila kuacha mwanafunzi, sifa zake zote za kutengenezeka huwa maneno matupu, na yakuti hushinda kwa kukosa mshindani. Basi mtu wa Iringa achaguaye kioo na autazame kwanza mtaa wake. Kama meza ya fundi ingali barazani, achukue akriliki, amletee fundi mikwaruzo yake kila mwisho wa kiangazi. Kwa malipo hayo madogo atakuwa ameitunza saa yake na elimu ya mji kwa pamoja. Kama meza hiyo imekwisha kuondolewa, achukue yakuti, naye aiepushe na mawe.