Nyimbo Zilizobaki kwa Landilodi

Mwaka 1968 bendi ya Uingereza iitwayo The Tremeloes ilifika nambari 14 kwenye chati ya kwao na wimbo unaoitwa Helule Helule. Wimbo wenyewe ulikuwa wetu. Aliyeutunga ni Daudi Kabaka, yule aliyeitwa mfalme wa twisti, na ulitoka Nairobi kabla ya kusafiri hadi Ulaya. Sasa jaribu hivi: Jumapili mchana, wakati wa kipindi cha zilizopendwa, tuma ujumbe kwa kituo chochote cha FM uombe Helule Helule. Usishangae ukichezewa Sina Makosa.

Sina ubaya na Sina Makosa. Les Wanyika walifanya kazi safi, na gitaa lile likianza hata mtoto wa juzi anajua cha kufanya. Shida ni kwamba ukisikiliza zilizopendwa kwa mwezi mmoja tu, utaanza kuamini kuwa wazazi na babu zetu walikuwa na nyimbo kumi na tano hivi. Malaika, Jambo Bwana, Shauri Yako, Kasongo, halafu turudi tena Malaika. Nchi yenye studio, bendi, vilabu na maduka ya santuri kila kona ya River Road, ati ilipenda nyimbo kumi na tano!

Jibu la haraka huwa ni kwamba hizo nyingine zilichokwa. Watu waliendelea mbele, basi. Mimi naona sivyo. Nyimbo nyingi hazikuchokwa. Ziliachwa wakati wa kuhama. Yeyote aliyewahi kuhama nyumba Nairobi anaelewa. Pikapu ni moja, jua linazama, na kisichoingia kwenye gari kinabaki kwa landilodi. Redio yetu imehama mara kadhaa: kutoka santuri hadi kanda, kutoka kanda hadi CD, kutoka CD hadi kompyuta. Kila ikihama, kuna vitu vilibaki.

Tuanze na nyumba ya kwanza. Miaka ya 60, moja ya studio zilizowika Nairobi ilikuwa Equator Sound, chini ya Charles Worrod. Studio hiyo ilikuwa na bendi yake, na orodha ya waliopitia humo ni ya kutisha: Fadhili William, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, na wapiga gitaa wawili kutoka Zambia, Peter Tsotsi Juma na Nashil Pichen Kazembe. Wazambia hao walikuja na mdundo wa kwela kutoka kusini mwa Afrika, Wakenya wakauongezea Kiswahili na maneno ya mtaani, ikazaliwa twisti ya Nairobi. Ni muziki mwepesi, wa dakika mbili tatu, wa kukunja magoti na kucheka.

Wakati huo kulikuwa na redio moja ya nchi nzima. Mwaka 1964 ilipewa jina Sauti ya Kenya, au VOK kama wengi walivyoiita. Ikicheza wimbo wako leo, Mombasa na Kisumu wameusikia leo. Kabaka alitoa Harambee Harambee, akatoa Msichana wa Elimu, akatoa Pole Musa. Hizi hazikuwa nyimbo za kikundi kidogo cha wajuaji. Zilikuwa ndizo ngoma zenyewe, zile ambazo ukimwimbia nyanya mstari wa kwanza anaumalizia wa pili.

Basi zilienda wapi?

Miaka ya 70 Nairobi ilijaa wageni wenye magitaa. Kutoka Zaire walikuja Baba Gaston, Les Mangelepa na Super Mazembe. Kutoka Tanga, kupitia Arusha, walikuja ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, na bendi yao ya Simba Wanyika, ambayo baadaye ilizaa Les Wanyika. Hawa walileta wimbo mrefu: upande wa kwanza wa santuri hadithi, upande wa pili ukitulia wachezaji watoe jasho. Twisti ikaanza kuonekana kama suruali ya kaka mkubwa. Hilo ni jambo la kawaida katika muziki, na wengine walijua kulikabili. Gabriel Omolo, yuleyule wa Equator, alitoa Lunch Time, wimbo juu ya wafanyakazi wa mjini saa ya chakula cha mchana, akavuma upya.

Kwa hiyo hadi hapo hakuna aliyekufa. Twisti ilitoka kwenye mtindo, lakini santuri zake zilikuwa bado kabatini VOK na majumbani. Wimbo uliotoka kwenye mtindo unaweza kurudi. Wimbo uliotoka kabatini ndio mgumu.

Mwezi Machi 1980 serikali ilijaribu kuingilia. VOK iliamriwa kwamba asilimia 75 ya muziki inaocheza uwe wa Kenya. Amri hiyo haikudumu. Baada ya muda mfupi mambo yalirudi yalivyokuwa. Lakini fikiria swali iliyoacha. Bendi ya Wakongo na Watanzania wanaoishi Nairobi, wanaorekodi Nairobi, wanaowaimbia watu wa Nairobi, ni ya Kenya ama si ya Kenya? Hatukulijibu. Badala yake redio iliendelea kucheza Jim Reeves na Kenny Rogers hadi leo wazazi wengine wanawazungumzia kama majirani waliohamia ng'ambo.

Kisha ukaja uhamisho mkubwa. Kanda zilipoenea, mtu yeyote mwenye redio ya deki mbili aligeuka kuwa kiwanda. Wenye studio walitoa santuri Jumatatu, Ijumaa nakala zake zinauzwa stendi ya basi. Kampuni kubwa za kigeni zilizokuwa zikirekodi hapa ziliona hesabu haitoshi, zikafunga virago. Kampuni ikiondoka, haiachi mtu wa kuamka asubuhi akiuliza tepu asilia za wimbo wa mwaka 1966 ziko wapi. Twisti, ambayo tayari ilikuwa imetoka kwenye mtindo, haikuwa na mtu wa kuitetea kwenye pikapu.

Mwaka 1989 VOK iligeuzwa shirika, ikawa KBC. Mwaka 1996 Capital FM ikaingia hewani kama kituo cha kwanza cha binafsi, na baada ya hapo vituo vikaota kama uyoga. Hapa ndipo watu wengi hudhani muziki wa zamani ulipata bahati, kwa sababu sasa kulikuwa na masafa mengi. Lakini kabati la santuri lilibaki KBC. Kituo kipya kilianza na kompyuta, CD kadhaa na mtangazaji kijana. Kompyuta haichezi santuri. Kilichokuwa tayari kwenye CD kiliingia kwenye kompyuta, kisichokuwemo hakikuingia. Baadaye, mtu wa kituo cha pili alipotaka kuanzisha zilizopendwa, alisikiliza kituo cha kwanza kinacheza nini. Ndivyo orodha ya nyimbo kumi na tano ilivyogeuka kuwa historia.

Wapo walioachwa kwa sababu nyingine, na kisa chao kinauma zaidi. Miaka ya 70 kulikuwa na Wakenya waliopiga soul na funk kwa Kiingereza, na wakaipiga vizuri. Slim Ali wa Mombasa na kundi lake la Hodi Boys. Ishmael Jingo na Fever. Matata, waliofika hadi London. Hawa leo utawaweka kipindi gani? Zilizopendwa inataka Kiswahili au Lingala. Vipindi vya Kiingereza vya nyimbo za zamani vinataka Mmarekani. Mkenya aliyeimba soul kwa Kiingereza hana rafu. Mwaka 2013 lebo ya Uingereza iitwayo Soundway ilitoa mkusanyiko wa Kenya Special, nyimbo za miaka ya 70 na 80 ambazo wengi wetu hatukuwahi kuzisikia. Ilibidi tuletewe mizigo yetu kutoka kwa watu walioiokota.

Kwamba rafu ndiyo shida, na si masikio ya watu, tunajua kwa kuangalia nyimbo za lugha za mama. Kwa miaka mingi benga na muziki wa Kikuyu vilipewa nafasi finyu kwenye redio ya taifa. Mwaka 2000 Kameme FM ikaanza kutangaza kwa Kikuyu, na baadaye vituo vya lugha nyingine vikafuata. Ghafla Joseph Kamaru akawa anasikika tena kila siku, na D.O. Misiani wa Shirati Jazz vilevile. Wasikilizaji walikuwepo muda wote. Hakuna aliyekuwa amewachoka. Kamaru alipofariki mwaka 2018, mjukuu wake, ambaye naye ni msanii anayejiita KMRU, alichukua kazi ya kuzitoa upya rekodi za babu yake kwenye mtandao. Hiyo ni familia moja, mzee mmoja. Wangapi hawana mjukuu wa namna hiyo?

Hili si suala la hisia za zamani pekee. Kuna pesa. Mirabaha hufuata wimbo unaochezwa. Wimbo usiochezwa haumlipi mtu. Mwaka 2001 tulimzika Fadhili William mwezi Februari na Daudi Kabaka mwezi Novemba. Wa kwanza aliacha wimbo ambao dunia nzima imeuimba, kuanzia Miriam Makeba hadi Boney M, na ambao hadi leo watu wanabishana ni nani hasa aliyeutunga. Wa pili aliacha nyimbo ambazo hazichezwi vya kutosha hata kuanzisha ubishi. Kwa familia ya msanii, huo mkimya ni bili ya kila mwezi.

Unaweza kusema basi, mambo yameisha, sasa kuna intaneti. Na kweli, mwishoni mwa 2024 tuliona Kasongo ya Super Mazembe ikirudi kwa kishindo. Vijana ambao wazazi wao walikuwa watoto wimbo ulipotoka waliligeuza jina hilo kuwa la utani kwa Rais William Ruto, na TikTok yote ikawa inaimba Lingala. Lakini angalia vizuri ni wimbo gani uliorudi. Ni ule uliokuwa tayari kwenye orodha. Intaneti iliupuliza moto uliokuwa bado una kaa. Pole Musa haiwezi kuwa utani wa mtu yeyote kama hakuna mwenye umri wa miaka ishirini anayeijua.

Na usidhani haya ni ya wazee. Uhamisho unaendelea, na sasa mizigo ni yako. Tafsiri Hii ya Kalamashaka, Uhiki ya Hardstone, Otonglo Time ya Poxi Presha: hizi ndizo nyimbo zilizofungua mlango ambao genge na kila kitu kilichofuata kilipitia. Kwa zilizopendwa ni changa mno. Kwa vipindi vya nyimbo za juzi ni kuukuu mno. Ukizitafuta mtandaoni, mara nyingi utapata nakala iliyopakiwa na mtu baki, sauti imefifia, jina limeandikwa vibaya, na matangazo yanayomlipa asiyehusika. Studio zilizozirekodi zilihifadhi kazi kwenye diski ambazo zina miaka zaidi ya ishirini na tano. Diski huharibika kuliko santuri.

Kuna watu wanaojitahidi. Melodica, duka lililoko Tom Mboya Street tangu mwanzo wa miaka ya 70, bado lipo. Kenyatta Market kuna kibanda cha santuri ambacho vijana wamekigeuza mahali pa kuhiji. Lakini duka na kibanda haviwezi kuwa maktaba ya taifa. Redio zina kazi yao: kila kipindi cha zilizopendwa kinaweza kuongeza wimbo mmoja usiokuwa kwenye orodha kila wiki, na baada ya mwaka kuna nyimbo hamsini zilizorudi nyumbani. Na sisi tuna yetu. Kama kwenu kuna boksi la santuri juu ya kabati, lishushe, upige picha kila lebo, uandike majina na nambari zilizopo, halafu umtafute mwenye mashine ya kuzirekodi. Fanya hivyo kabla familia haijahama tena.