Bill Shankly: kiungo wa Glenbuck aliyeijenga upya Liverpool

William Shankly alizaliwa tarehe 2 Septemba 1913 katika kijiji cha Glenbuck, Ayrshire, kusini-magharibi mwa Uskoti. Alikuwa mtoto wa tisa kati ya kumi, na kitindamimba kwa upande wa wavulana. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Mama yake alitoka katika ukoo wa Blyth, ambao tayari ulikuwa umetoa wanasoka. Wavulana wote watano wa nyumba hiyo, Alec, Jimmy, John, Bob na Bill, walikuja kucheza soka ya kulipwa, na wawili kati yao wakawa makocha wakubwa: Bob aliipa Dundee ubingwa wa Uskoti mwaka 1962, na msimu uliofuata akaifikisha nusu fainali ya Kombe la Mabingwa wa Ulaya.

Glenbuck kiliishi kwa makaa ya mawe. Timu yake, Glenbuck Cherrypickers, ilikuwa ya wachimbaji na watoto wao, lakini kijiji hicho kidogo kinahesabiwa kuwa kilitoa wachezaji wa kulipwa wapatao 50. Mmoja wao, Sandy Tait, alikuwa beki wa Tottenham Hotspur iliyotwaa Kombe la FA mwaka 1901. Kijana wa Glenbuck alikuwa na njia mbili tu, kushuka mgodini au kwenda kucheza mpira mbali na nyumbani, na wengi walianza na ya kwanza wakiiombea ya pili. Shankly aliacha shule akiwa na miaka 14. Mgodini alianzia kazi ya juu ya ardhi, kutenga mawe na makaa, kisha akapelekwa chini kusukuma mabehewa. Baada ya miaka michache mgodi ulifungwa, akabaki hana kazi. Jioni alipanda baiskeli kwenda kuichezea Cronberry Eglinton, timu iliyokuwa maili kadhaa kutoka kwao.

Mwaka 1932 alisajiliwa na Carlisle United, upande wa pili wa mpaka, na alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi siku ya mwisho ya mwaka huo dhidi ya Rochdale. Baada ya msimu mmoja tu, Preston North End ilimnunua kwa pauni 500. Preston haikuwa klabu ngeni kwa Waskoti. Ilipotwaa ubingwa wa kwanza wa ligi ya Uingereza, msimu wa 1888/89, bila kupoteza mechi hata moja, Waskoti walikuwa uti wa mgongo wa kikosi chake. Wakati ule Waingereza wengi walipenda mchezaji akokote mpira peke yake mpaka anyang'anywe, ilhali Waskoti walikuwa wamezoea kuupitisha kutoka mguu mmoja kwenda mwingine. Klabu za kaskazini mwa Uingereza ziliulipia ujuzi huo, na kwa miaka mingi vijana wa Uskoti waliufuata mshahara kusini. Shankly alipita njia hiyo hiyo.

Alicheza kama kiungo wa kulia, jezi namba 4. Katika mfumo wa siku hizo, ambao ulienea baada ya sheria ya kuotea kubadilishwa mwaka 1925, viungo wawili wa nyuma walisimama kati ya mabeki watatu na washambuliaji. Kazi yao ilikuwa kupokonya mpira, kuutuliza, kuusogeza kwa mwenzao aliye karibu, halafu kujongea ili waweze kuupokea tena. Kazi hiyo haikuwa na sifa nyingi magazetini, maana kiungo wa namna hii hufunga mara chache. Katika mechi za ligi karibu 300 alizoichezea Preston, Shankly alifunga mabao 13 tu. Sifa zake zilikuwa pumzi isiyokatika, ukali katika kukaba na pasi fupi ya uhakika. Falsafa yote aliyoifundisha baadaye ilitoka katika nafasi hiyo ya uwanjani, na hili ndilo linalosahaulika anapokumbukwa kwa maneno yake ya kuchangamsha.

Preston ilipanda Daraja la Kwanza mwaka 1934. Mwaka 1937 ilifika fainali ya Kombe la FA ikafungwa na Sunderland 3-1. Mwaka uliofuata ilirudi Wembley kukutana na Huddersfield Town, na mechi ikaenda bila bao mpaka dakika ya mwisho ya muda wa nyongeza, George Mutch wa Preston alipofunga kwa penalti. Mwaka huohuo Shankly aliitwa kwa mara ya kwanza timu ya taifa ya Uskoti, akashiriki ushindi wa 1-0 dhidi ya Uingereza katika uwanja uleule wa Wembley. Alikuwa amecheza mechi tano za kimataifa vita vilipozuka Septemba 1939. Alikuwa na miaka 26, umri ambao kiungo ndiyo kwanza anakomaa. Ligi ilisimamishwa, naye akaingia Jeshi la Anga, ambako alimpata mkewe Nessie. Ligi iliporejea mwaka 1946 alikuwa na miaka karibu 33. Aliendelea misimu mitatu akiwa bega kwa bega na winga Tom Finney, ambaye Shankly mpaka kufa kwake alimhesabu kuwa mchezaji bora aliyewahi kumwona, kisha Machi 1949 akatundika daluga.

Klabu iliyompa kazi ya kwanza ya umeneja ilikuwa ileile iliyomwanzisha kama mchezaji, Carlisle. Kutoka hapo alikwenda Grimsby Town mwaka 1951, Workington mwaka 1954, kisha Huddersfield mwishoni mwa 1955, alikoanza na timu ya akiba kabla ya kukabidhiwa klabu nzima mwaka uliofuata. Miaka hii kumi hutajwa kwa haraka, kwa sababu haina kombe hata moja. Hata hivyo, ndiyo iliyompa mafunzo yake. Carlisle alizoea kushika kipaza sauti kabla ya mechi na kuwaeleza mashabiki kwa nini amebadilisha kikosi. Uhusiano wake na jukwaa la Kop huko Liverpool ulianza kuchipua kwenye uwanja huo mdogo wa mpakani. Workington, klabu iliyokuwa hoi kifedha, alifungua barua mwenyewe, akapokea simu na kugawa mishahara. Huddersfield alimkuta kijana kutoka Aberdeen, mwembamba, mwenye miwani na jicho lenye makengeza. Shankly aliona mchezaji ndani yake, akamchezesha Daraja la Pili akiwa na miaka 16. Kijana huyo alikuwa Denis Law.

Kilichomhamisha klabu hadi klabu kilikuwa kitu kimoja. Wakurugenzi wa nyakati hizo walishika mfuko, na katika klabu nyingi walipanga hata kikosi. Shankly aliomba fedha za kusajili, akanyimwa, akaondoka. Kwa hiyo mwenyekiti wa Liverpool, T. V. Williams, alipomfuata mwishoni mwa 1959, jambo la kwanza lililowekwa wazi lilikuwa kwamba kikosi kitapangwa na meneja peke yake.

Liverpool aliyoikuta ilikuwa klabu kubwa kwa watazamaji, ndogo kwa kila kitu kingine. Ilikuwa imeshuka Daraja la Pili mwaka 1954, na Januari 1959 ilitolewa Kombe la FA na Worcester City, timu isiyokuwa hata kwenye ligi. Mechi ya kwanza ya Shankly, tarehe 19 Desemba 1959, ilikuwa kipigo cha 4-0 nyumbani kutoka kwa Cardiff City. Uwanja wa Anfield ulikuwa umechakaa, na ule wa mazoezi, Melwood, ulikuwa umemea majani marefu. Katika muda wa mwaka mmoja hivi aliwaondoa wachezaji 24. Wasaidizi aliowakuta, Bob Paisley, Joe Fagan na Reuben Bennett, hakuwagusa. Aliwaomba uaminifu, nao wakampa.

Melwood ndipo palipofanyika kazi yenyewe. Makocha wengi wa Uingereza wakati huo waliwakimbiza wachezaji barabarani wiki nzima na kuwaficha mpira, kwa imani kwamba wakiukosa wataukimbilia zaidi Jumamosi. Shankly aliufanya mpira kuwa kiini cha kila zoezi. Alisimamisha kuta za mbao zinazotazamana. Mchezaji aliingia katikati, akapiga mpira ukutani, akaupokea ukirudi, akageuka, akaupiga ukuta wa pili, bila kupumzika, mpaka miguu igome. Baada ya hapo zilifuata mechi ndogo za watano kwa watano, ambazo sheria yake ilikuwa moja: pokea, toa pasi, jongea. Ilikuwa kazi ya kiungo wa kulia wa Preston, ila sasa ilifundishwa kwa wachezaji wote kumi na mmoja, kuanzia mabeki.

Hata usafiri aliupangia sababu. Wachezaji walivalia jezi Anfield, wakapanda basi la pamoja kwenda Melwood, na baada ya mazoezi walirudi kwa basi hilohilo ndipo wakaoge. Katika safari hiyo miili ilipoa polepole kabla ya kuguswa na maji, na Shankly aliamini kwamba hilo liliwaepusha na majeraha. Msimu wa 1965/66 Liverpool ilichukua ubingwa kwa kutumia wachezaji 14 tu kwa msimu mzima.

Fedha za usajili zilipatikana mwaka 1961, zikaleta Waskoti wawili. Mshambuliaji Ian St John alitoka Motherwell kwa pauni 37,500, na beki wa kati Ron Yeats alitoka Dundee United. Waliungana na vijana waliokuwapo, akiwemo Roger Hunt, aliyefunga mabao 41 ya ligi msimu wa 1961/62, timu ilipopanda daraja kama bingwa. Mwaka 1964 ilitwaa ubingwa wa Uingereza. Novemba mwaka huo, dhidi ya Anderlecht ya Ubelgiji, ilitoka kwa mara ya kwanza katika wekundu mtupu: jezi, bukta na soksi. Shankly aliamini rangi hiyo iliwafanya wachezaji waonekane wakubwa zaidi machoni mwa wapinzani.

Kombe la FA halikuwahi kufika Anfield kabla ya tarehe 1 Mei 1965. Katika fainali dhidi ya Leeds United, beki Gerry Byrne alivunjika mtulinga dakika za mwanzo kabisa. Sheria haikuruhusu wachezaji wa akiba, kwa hiyo alicheza hivyo hivyo mpaka mwisho wa muda wa nyongeza, tena akatoa pasi ya bao la kwanza lililofungwa na Hunt. Liverpool ilishinda 2-1. Siku tatu baadaye iliifunga Inter Milan 3-1 katika nusu fainali ya Kombe la Mabingwa, lakini huko Milan ikachapwa 3-0 katika mechi ambayo Shankly hakuacha kumlalamikia mwamuzi wake. Msimu uliofuata, pamoja na ubingwa wa ligi, ilifika fainali ya Kombe la Washindi na kufungwa 2-1 na Borussia Dortmund.

Kisha miaka saba ilipita bila kombe. Lawama ya kipindi hicho ni ya Shankly mwenyewe: aliwapenda mno wachezaji waliompandisha daraja, akachelewa kuwaacha. Februari 1970 Liverpool ilitolewa Kombe la FA na Watford ya Daraja la Pili, na hapo hakusubiri tena. Yeats, St John na kipa Tommy Lawrence walipoteza nafasi zao. Waliopanda ni kipa Ray Clemence, aliyenunuliwa Scunthorpe United kwa pauni 18,000, winga Steve Heighway, aliyetoka chuo kikuu, mshambuliaji John Toshack, na mwaka 1971 Kevin Keegan, naye kutoka Scunthorpe. Keegan alikuja kama kiungo. Shankly alimsogeza mbele.

Jicho lake la kocha lilionekana vizuri zaidi katika fainali ya Kombe la UEFA mwaka 1973 dhidi ya Borussia Mönchengladbach. Mechi ya kwanza Anfield ilivunjwa na mvua kabla ya nusu saa. Dakika hizo chache zilimtosha kuona kwamba safu ya ulinzi ya Wajerumani, ambayo Günter Netzer alirudi nyuma kuiongoza, ilikuwa dhaifu kwa mipira ya juu. Mechi iliporudiwa kesho yake alimwanzisha Toshack, mrefu, ambaye hakuanza ile ya awali. Toshack aliruka, akateremsha mipira kwa kichwa, na Keegan akafunga mabao mawili. Liverpool ilishinda 3-0, ikafungwa 2-0 ugenini, ikachukua kombe lake la kwanza la Ulaya katika msimu uleule iliotwaa ubingwa.

Msimu uliofuata Crvena Zvezda ya Belgrade iliifunga 2-1 nyumbani na ugenini. Paisley, Fagan na wenzao walikutana na Shankly katika chumba kidogo cha kutunzia daluga, walikozoea kuijadili kila mechi, na wakaafikiana kwamba Ulaya haitashindwa kwa beki wa kupiga mpira mbele tu. Mashambulizi yaanze kwa mlinzi mwenye uwezo wa kutoa pasi. Kijana Phil Thompson, aliyekuzwa kama kiungo, akahamia beki ya kati.

Mei 1974 Liverpool iliifunga Newcastle United 3-0 na kutwaa Kombe la FA. Tarehe 12 Julai Shankly alitangaza kuachia ngazi, baada ya mechi 783 na ubingwa wa ligi mara tatu. Alisema amechoka na anataka muda na familia. Agosti aliiongoza timu kuingia Wembley kwa Ngao ya Hisani, kwa heshima. Baadaye aliendelea kufika Melwood kufanya mazoezi, na kwa kuwa wachezaji walizoea kumwita bosi mbele ya mrithi wake, akaombwa asije tena. Jambo hilo lilimuumiza. Hakufundisha timu nyingine, na alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 29 Septemba 1981.

Mikoba yake aliachiwa Paisley, aliyetwaa ubingwa wa Uingereza mara sita na Kombe la Mabingwa wa Ulaya mwaka 1977, 1978 na 1981. Fagan alimpokea Paisley, akalitwaa tena kombe hilo mwaka 1984. Roy Evans, beki aliyepewa nafasi ya kwanza na Shankly mwenyewe na baadaye akawa mmoja wa makocha wa chumba kile cha daluga, aliiongoza klabu kuanzia 1994 hadi 1998.