Kifaduro: Tatizo la kusubiri mlio

Leo tuiache siasa pembeni kidogo. Nataka tuongelee kifaduro, ugonjwa ambao wazazi wengi wanalijua jina lake lakini siku za mwanzo ni vigumu mno kuutambua.

Daktari wa Kifaransa, Guillaume de Baillou, aliuandikia ulipolipuka Paris mwaka 1578. Kwa zaidi ya miaka 300 baada ya hapo, madaktari walitegemea masikio tu: mtoto anakohoa mfululizo bila nafasi ya kupumua, kisha anavuta hewa kwa mlio mkali, na mara nyingi anatapika.

Tatizo ni kwamba dalili hizo huja baada ya wiki moja au mbili. Kabla ya hapo ni mafua, kikohozi kidogo na pengine homa ndogo, na huo ndio wakati ugonjwa unaambukiza sana! Tena kichanga anaweza asitoe mlio kabisa. Anasita kupumua, anabadilika rangi, basi.

Mwaka 1906, huko Brussels, Jules Bordet na Octave Gengou walifanikiwa kuotesha bakteria wa ugonjwa huu. Kisha mwaka 1932, katika mji wa Grand Rapids, Marekani, akina mama wawili wanasayansi, Pearl Kendrick na Grace Eldering, wakaanza kupita majumbani jioni baada ya kazi. Mtoto alikohoa mbele ya kisahani chenye rojo lililochanganywa na damu. Bakteria wakiota, jibu limepatikana, hata kama mlio haujasikika. Mwaka 1934 walianza kuijaribu chanjo yao.

Kwangu mimi hapo ndipo penye somo. Anayesubiri mlio amechelewa. Uingereza ililiona hilo miaka ya 1970: wazazi waliiogopa chanjo, waliochanjwa wakapungua sana, na kifaduro kikarudi kwa kishindo.

Hapa Tanzania kinga hiyo imo ndani ya chanjo ya Penta, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kabla ya wiki ya 6 kichanga bado hajachanjwa. Kwa hiyo mjomba au shangazi mwenye kikohozi asimbebe kwanza, hata kama anasema ni mafua tu. Na mtoto akisita kupumua, msingoje kupambazuke. Mkimbizeni hospitali.

Tupo pamoja.