Ukoma Mzuri

Mtajie mtu wa mtaani neno ukoma, hapo hapo atakuchorea vidole vilivyokatika na uso wenye mabonge. Basi msomaji, iweke kando picha hiyo. Upo ukoma usio na bonge hata moja. Huko Mexico uliitwa, ati, ukoma mzuri!

Mwaka 1852 madaktari wawili wa hospitali ya San Lázaro katika jiji la Mexico, Rafael Lucio na Ignacio Alvarado, walichapisha kijitabu juu ya wagonjwa wao. Kijidudu cha ukoma kilikuwa hakijaonekana bado. Hansen wa Norway alikiona mwaka 1873. Wao walitegemea macho yao tu. Na waliona mengi. Nyusi zinanyonyoka, kisha kope. Ngozi inajaa, inavutika, inang'aa, hata makunyanzi yanapotea. Mikono na miguu inakufa ganzi. Majirani wanasema fulani kanawiri siku hizi. Sasa nani atakwenda hospitali kwa sababu kanawiri?

Kasheshe huja baadaye, miaka imeshapita bila dawa. Madoa mekundu yanatokea miguuni, yanauma kweli kweli, yanapanda mapajani, yanafika mikononi. Siku chache tu, katikati pameshakuwa peusi. Ngozi inakufa, inabanduka, kinabaki kidonda chenye kingo za pembepembe. Leo tunajua sababu: vijidudu huvamia kuta za mishipa midogo ya damu hadi ikaziba, na nyama isiyopata damu hufa. Vidonda vikiingiwa na vijidudu vingine, vikapenya kwenye damu, mtu anaondoka.

Karibu miaka mia ilipita. Mwaka 1948 Fernando Latapí na mwenzake Zamora waliueleza upya mkasa huo wa madoa, wakaupa jina la Lucio. Alvarado, maskini, akaachwa nje.

Mwaka 2008 watafiti wa Houston, Marekani, walitangaza kijidudu kipya, ndugu wa kile cha Hansen, walichokipata kwa wagonjwa wawili wenye asili ya Mexico waliouawa na ukoma wa namna hii. Na dawa zipo: mseto uliopendekezwa na Shirika la Afya Duniani tangu 1981. Lakini mpaka leo wako wanaofikishwa hospitali ikadhaniwa wameungua moto, au mishipa yao imevimba kwa ugonjwa mwingine, na hakuna aliyeuliza nyusi zao zilikwenda wapi.