Kidonda Kisichotakiwa Kukauka

Mama akisema "mwanangu ana tonsesi", kila anayemsikia anajua mtoto ana homa, koo linamuuma na chakula hakipiti. Hakuna anayemjibu kwamba hata yeye anazo. Lakini anazo, kama hajatolewa. Neno hilo la mtaani limebeba kiungo na maradhi kwa pamoja, na watu wengi wanafika kwa daktari wa masikio, pua na koo wakiwa hawajawahi kuvitenganisha. Kwa mtoto anayepewa dawa za siku chache, mchanganyiko huo hauna madhara. Kwa mtu mzima wa miaka 30 au 40 aliyeambiwa kwamba atafanyiwa tonsilektomi, kisha akauguze kidonda nyumbani kwa wiki mbili, maneno yanaanza kuwa na uzito, kwa sababu huko nyumbani daktari hayupo. Yapo maneno yake tu.

Tuanze na kiungo. Tonsili ni vibonge viwili vya nyama laini vilivyokaa nyuma ya kinywa, kimoja kila upande, katikati ya mikunjo miwili inayoshuka kutoka kwenye kaakaa laini. Ni sehemu ya duara la tishu za kinga linalozunguka mlango wa koo, ambalo Mjerumani Heinrich Wilhelm Waldeyer alilieleza mwaka 1884 na ambalo bado linaitwa kwa jina lake. Vijidudu vinavyoingia na hewa au chakula hupita hapo kwanza, na hapo kinga ya mwili inajifunza kuvitambua. Maandishi mengi ya afya huziita "tezi za koo". Silipendi jina hilo. Ukimwambia mtu ana tatizo la tezi ya koo, atashika shingo kwa nje akitafuta rovu, na mwingine atadhani unazungumzia mitoki. Pwani kuna neno mafindofindo, ambalo ni la maradhi: tonsili zikivimba na kuuma. Libaki hapo hapo, kwenye maradhi, na kiungo kiitwe tonsili.

Kuna pia kimeo, ambacho wengine hukiita kidakatonge au kilimi: kile kinyama kinachoning'inia katikati. Hicho hakihusiki kabisa na tonsili, ingawa wapo watu wazima wanaoamini tonsili zao ziliondolewa zamani kwa sababu walikatwa kimeo na mganga wakiwa wadogo. Kukata kimeo ni desturi iliyowatoa watoto wengi damu na kuwaachia maambukizo, wala haizuii mafindofindo.

Sasa neno tonsilektomi lenyewe. Sehemu ya mwisho, -ektomi, imetoka Kigiriki na maana yake ni kukata kitu na kukitoa nje. Jirani yake ni tonsilotomi, ambayo ni kupunguza tonsili na kuacha ganda lake la nyuma. Mtaani zote mbili ni "kukatwa tonsesi". Kiswahili hata hivyo kina utaratibu wake ambao tunaufuata bila kuufikiria: mguu hukatwa, kidole hukatwa, lakini kizazi hutolewa, bandama hutolewa, na figo hutolewa. Kinachoonekana kwa nje kinakatwa. Kilicho ndani kinatolewa. Kwa mantiki hiyo tonsilektomi ni kutolewa tonsili, na tonsilotomi ibaki kupunguzwa tonsili. Celsus, mwandishi wa tiba wa Kirumi wa karne ya kwanza, angechagua kitenzi kikali zaidi. Yeye aliagiza tonsili zilizokakamaa zikwanguliwe kuzunguka kwa kidole hadi zing'oke, kisha kidonda kisuuzwe kwa siki. Nusu kaputi haikuwepo.

Leo mgonjwa analazwa usingizi, kinywa kinashikiliwa wazi kwa chuma, na tonsili zinatenganishwa na msuli ulio nyuma yake kwa vyombo vya kawaida vya upasuaji, kwa umeme, au kwa kifaa cha plazma. Shingo haiguswi. Kigezo kinachofuatwa sehemu nyingi kabla ya kufikia hatua hiyo ni mashambulizi 7 ya koo katika mwaka mmoja, au 5 kila mwaka kwa miaka 2, au 3 kila mwaka kwa miaka 3. Kilitokana na utafiti wa watoto uliofanywa Pittsburgh, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1984. Ushahidi kwa watu wazima ulichelewa. Utafiti wa Uingereza uliotolewa katika jarida la Lancet mwaka 2023, wenye watu wazima 453, ulionyesha kwamba katika miezi 24 waliotolewa tonsili waliumwa koo siku chache kuliko walioendelea kusubiri: kwa mgonjwa wa katikati, siku 23 dhidi ya 30. Karibu mmoja kati ya watano wa waliopasuliwa alipata tatizo la kutokwa damu. Faida ipo, lakini si ya bure.

Kinachonifanya niandike ni kile kinachobaki baada ya tonsili kutoka. Mahali pake panabaki mashimo mawili yasiyoshonwa. Hakuna nyuzi za kufunga kidonda, hakuna bendeji, na mate yanapita juu yake mchana na usiku. Kidonda kama hicho hupona kwa nyama mpya kuota kutoka chini na pembeni mpaka ijaze pengo, na huchukua wiki mbili hadi tatu kufunikwa na ngozi laini ya kinywa. Kiswahili chetu cha kila siku hakikukiandalia maneno. Sisi tukitaka kusema kidonda kinapona, tunasema kinakauka. Tukimtembelea mgonjwa tunamwuliza, "Kimeshakauka?" Kwa goti la mtoto aliyeanguka ni swali sahihi. Kwa koo ni swali la hatari, kwa sababu koo likikauka ndipo maumivu yanapozidi. Mgonjwa aliyekwishajengewa picha ya kidonda kikavu huogopa kukilowesha. Anatema mate badala ya kuyameza, anakwepa maji, analala mdomo wazi, na kufikia siku ya tatu anarudishwa hospitali kutundikiwa dripu.

Halafu anajitazama kwenye kioo. Ndani ya siku moja au mbili mashimo yale yamefunikwa na kitu cheupe, kinachoelekea njano au kijivu, na pumzi inanuka. Hapo karatasi aliyopewa inamwambia ataona "kigaga". Lakini kigaga anachokijua yeye ni kigumu, cheusi, kikavu, na mbele yake kuna kitu kilicholowa na cheupe. Kwa hiyo anahitimisha kwamba ni usaha. Anatafuta antibayotiki duka la dawa, au anajaribu kukisugua kwa mswaki au pamba, na hilo la pili ni baya kuliko la kwanza.

Kitu hicho ni fibrini, protini ile ile inayogandisha damu kwenye jeraha la ngozi. Kwenye ngozi inakauka kwa hewa na kuwa kigaga. Kooni haipati nafasi ya kukauka, basi inabaki laini. Jina lake linalofaa tunalo tayari, nalo ni utando. Kila aliyewahi kuacha uji upoe kwenye bakuli anaujua: unatanda juu, una rangi iliyofifia, na ukiuchokoza unachanika. Utando haumfanyi mgonjwa atarajie ukavu, wala haumtishi kama usaha. Harufu ni ya huo utando na chembe za chakula zilizokwama, na huisha utando ukiisha.

Utando pia ndio unaoeleza kalenda ya maumivu, jambo ambalo huwavunja moyo watu wazima kuliko jingine lolote. Siku ya tatu au ya nne mgonjwa anaweza kujisikia ahueni, ndugu wakafurahi, na bosi akapigiwa simu kwamba Jumatatu atarudi kazini. Kisha utando unaanza kubanduka, mara nyingi kati ya siku ya tano na ya kumi, nyama mbichi inabaki wazi, na maumivu yanapanda kuliko ya mwanzo. Hajarudi nyuma. Ndivyo kidonda hiki kinavyokwenda, na mtu mzima huteseka kuliko mtoto kwa sababu mashambulizi ya miaka mingi yameacha makovu yaliyoigandisha tonsili na msuli wake. Siku kumi hadi kumi na nne nje ya kazi ni hesabu ya kweli. Anayeahidiwa wiki moja anadanganywa kwa upole.

Maumivu hayo huhamia masikioni, hasa wakati wa kumeza na wakati wa usiku. Masikio yenyewe ni mazima. Mshipa wa fahamu wa tisa wa kichwa hupeleka habari kutoka mahali pa tonsili na kutoka sikio la kati, na ubongo hukosea anwani. Nimewahi kuona hali hii ikiitwa "maumivu ya rufaa", tafsiri inayomfanya mtu adhani anapelekwa hospitali ya mkoa. Inatosha kusema ni maumivu ya koo yanayosikika sikioni. Hayahitaji dawa ya matone.

Kwa hiyo kuuguza kidonda hiki ni kukilowesha na kukitumia. Funda dogo la maji kila baada ya muda mfupi, hata usiku ukishtuka. Dawa ya maumivu kwa saa zilizopangwa, bila kusubiri maumivu yapande, na kama nusu saa kabla ya chakula ili kumeza kuwezekane. Aspirini iachwe kabisa. Aiskrimu inaruhusiwa, ingawa sifa zake zimekuzwa mno: inapoza tu. Mtori, uji, viazi vya kuponda na mtindi vinalisha zaidi. Hospitali nyingi za Uingereza sasa zinamhimiza mgonjwa atafune chakula cha kawaida mapema, hata mkate uliokaushwa, kwa sababu kutafuna na kumeza kunalegeza misuli ya koo inayokaza. Fuata la daktari wako. Pilipili, ndimu na juisi ya ukwaju hutahitaji kukatazwa. Ukijaribu mara moja hutarudia.

Limebaki neno moja, na hili ndilo ningeomba watafsiri wa karatasi za hospitali walitazame upya. Damu inayotoka ndani ya saa 24 za upasuaji kitaalamu huitwa ya kwanza, na inayotoka baada ya hapo huitwa ya pili. Ukiandika "kutokwa damu kwa mara ya pili", mgonjwa ambaye hakutokwa damu kabisa siku ya upasuaji atasoma na kujiona hahusiki. Wakati hatari hiyo inamhusu yeye hasa, siku zile zile ambazo utando unabanduka na mishipa midogo iliyo chini yake inaweza kufunguka. Iitwe kutokwa damu kwa kuchelewa. Mate yenye michirizi hafifu ya damu si ajabu, lakini damu nyekundu mbichi inayotoka kinywani, hata ikionekana kukoma yenyewe, ni ya kwenda hospitali saa hiyo hiyo, kwa kuwa kutokwa kidogo kunaweza kutangulia kutokwa kwingi. Usiku damu humezwa bila kuonekana. Anayelala karibu na mgonjwa aangalie kama anamezameza mfululizo usingizini, au anatapika matapishi ya kahawia iliyokoza. Akiyaona hayo amwamshe, amkalishe wima, na watafute gari bila kungoja kupambazuke.