Ngozi Imerudi, Simba Hakurudi

Agosti 2013 mashabiki wa Star Trek walikutana Las Vegas, Marekani, wakapiga kura kuzipanga filamu zote za mfululizo huo, kuanzia iliyo bora hadi inayoburura mkia. Mkiani wakaiweka Star Trek Into Darkness, filamu ambayo haikuwa na hata miezi minne tangu itoke. Na si kwamba haikuuza. Iliingiza zaidi ya dola milioni 460 duniani. Watu walilipa kiingilio, wakakaa, wakatazama mpaka mwisho, halafu wakatoka wamenuna.

Sisi Waswahili tuna hisa kidogo katika mali hiyo. Mfululizo ulipoanza kwenye televisheni mwaka 1966, afisa wa mawasiliano wa kile chombo cha angani alikuwa mwanamke mweusi aitwaye Uhura, na jina lake lilichongwa kutoka neno letu "uhuru". Katika kipindi cha kwanza kabisa kuonyeshwa Marekani, kuna mahali anasemeshwa Kiswahili. Mwaka 2009 hadithi ilipoanzishwa upya kwenye sinema, kwa waigizaji vijana, tukasikia na jina lake la kwanza: Nyota. Kwa hiyo hasira ya 2013 inatuhusu pia, walau kwa jina.

Hasira yenyewe ilikuwa ya nini? Filamu ya 2013 ilimrudisha Khan, adui aliyeingia kwenye hadithi mwaka 1967 na kurudi kwa kishindo katika filamu ya 1982. Katika ile ya 1982, Spock anakufa ili chombo kiokoke, na rafiki yake Kirk anamtazama kupitia kioo, hawezi hata kumshika mkono. Mashabiki waliokuwa wamewajua wawili hao kwa miaka kumi na mitano walilia kweli. Ile ya 2013 ikakichukua kifo hichohicho na kioo hichohicho, ila ikageuza: safari hii anakufa Kirk, na Spock ndiye anayelitaja jina la Khan kwa kelele. Muda si muda Kirk anafufuliwa kwa damu ya Khan. Yaani machozi yaliombwa kwa urafiki ambao filamu zenyewe hazijaujenga, kisha kifo kikafutwa kabla hata ya matanga.

Ukiwasikiliza juu juu utasema hawa ni watu wazima wanaogombea vinyago. Mimi nasema hapana. Lalamiko lao ni la zamani kuliko sinema, na limewahi kutolewa na watu ambao hawakuwa na muda wa mchezo. Hebu tupande Usambara tukaone.

Hadithi ya kwanza ya milima ile ni ya Mbegha. Alikuwa mwindaji kutoka Ngulu, aliyehesabiwa kigego tangu utotoni kwa sababu ya namna meno yake yalivyoota, akafukuzwa na ndugu zake. Akatangatanga na mbwa wake akiua nguruwe pori, mpaka akafika kwa Washambaa. Wao walikuwa wakulima, yeye alikuwa na nyama. Akawapa nyama, wakampa vyakula vya shamba. Akaamua kesi zao, akawaondolea wanyama waharibifu. Kule Vugha, ambako siku hizi ramani huandika Vuga, upande wa Soni, akaua simba usiku, na watu wakampa nchi. Ndipo wafalme wa Kilindi waliomfuata wakaitwa Simba Mwene. Wanahistoria huyaweka mambo haya katika karne ya 18.

Angalia kilichomo ndani ya hadithi hiyo. Mna mbwa, mna mkuki, mna ngozi ya simba. Lakini kinachoibeba ni makubaliano: mfalme analisha na kulinda, watu wanampa kodi na utii. Washambaa walikuwa na maneno mawili ya kumpimia mtawala. Akileta mvua na shibe, huko ni kuzifya shi, kuiponya nchi. Akileta njaa na magomvi, huko ni kubana shi, kuiharibu. Hata siku ya kumtawaza walimwambia wazi wanachokitaka kwake. Mtu aliyeijua hadithi ya Mbegha alikuwa ameshika mkataba mkononi, hata kama hakujua kusoma.

Hadithi hiyo ikapata miendelezo miwili, na ndipo somo lilipo.

Mwendelezo wa kwanza ni wa karatasi. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu wa pwani aliyejua kalamu, alifika Usambara enzi za mfalme Kimweri ye Nyumbai, na baadaye akamtumikia Semboja, mwana wa Kimweri. Ndiye aliyeandika Habari za Wakilindi, iliyochapwa na wamisionari wa Kianglikana kule Magila, Muheza, kwa sehemu tatu kati ya 1895 na 1907. Wengi tunaijua kwa toleo la 1962. Ukianza kuisoma, unaruka na Mbegha porini, raha mustarehe. Ukisonga mbele, raha inakatika. Kimweri anakufa 1862. Mjukuu wake Shekulwavu anakaa Vugha, huku Semboja yuko Mazinde, chini bondeni, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki zinapatikana. Semboja anamng'oa Shekulwavu. Wabondei wanawaasi Wakilindi. Watu wanakamatwa na kuuzwa pwani. Wajukuu wa yule aliyegawa nyama sasa wanagawa raia.

Ni mwendelezo mchungu. Msomaji aliyempenda Mbegha anaumia. Lakini hadanganywi, kwa sababu kila ukurasa unaulizia deni la kwanza: wale walioahidi kulinda wako wapi? Mwandishi alikuwa mtu wa Semboja, ana upande wake, na bado mizani ya Mbegha haijatoka mezani. Uchungu wa namna hiyo haumfukuzi msomaji.

Mwendelezo wa pili ulikuwa wa ofisini. Wajerumani walimnyonga Mputa, mwana wa Semboja, mwaka 1895, wakamweka Kinyashi, mwana wa Shekulwavu, ambaye aliuacha ufalme 1902. Makao ya serikali yakawa Lushoto, waliyoiita Wilhelmstal. Kisha wakaja Waingereza. Gavana Donald Cameron akataka watu watawaliwe kwa kupitia wakuu wao wa asili, na mwaka 1926 ufalme wa Kilindi ukaanzishwa upya. Wakamtafuta nani? Kinyashi yuleyule! Jina lipo, ukoo upo, Vugha ipo, heshima zipo. Kwa lugha ya leo tungesema wamefufua mfululizo na mwigizaji wa zamani. Mwaka 1929 Kinyashi akajiuzulu tena.

Waliomfuata walikaa kwenye kiti kilekile, lakini mkataba ulikuwa umeondolewa. Mfalme sasa alilipwa na serikali na kuikusanyia kodi. Zamani aliyeibana nchi aliweza kukimbiwa au kupinduliwa. Sasa nyuma yake palikuwa na bwana D.C. na polisi. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ilipoanzisha mpango wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, kuanzia Mlalo, wakuu hao ndio waliotumwa kuwalazimisha watu kulima matuta kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, nyingi ikiwaangukia kina mama, na asiyelima alishtakiwa. Watu wakagoma. Na katika ubishi huo yakarudi yale maneno ya zamani: je, huyu anaiponya nchi au anaibana? Mwishowe mpango ukaachwa kabla ya Uhuru, na mwaka 1963 sheria ikaufuta uchifu nchi nzima.

Mtu anaweza kusema Washambaa walichoka na ufalme tu, kama vile watu huchoka na filamu ndefu. Sidhani. Aliyechoka hapimi. Wao waliendelea kupima, kwa kipimo walichopewa na hadithi yenyewe. Waliletewa ngozi ya simba, wakaingiza mkono ndani, wakakuta hamna simba.

Basi tusiwacheke wale wa Las Vegas. Mambo hayalingani uzito, najua: kule ilipotea jioni moja na bei ya tiketi, huku ilikuwa jembe, shamba na mahakama. Lakini swali ni moja. Anayerithi jina anarithi na ahadi iliyolipa jina hilo thamani. Kifo cha 1982 kilikuwa kimelipiwa kwa miaka ya urafiki, na filamu ya 2013 ikataka kukila bila kukilipia. Uhura naye, aliyepewa jina la uhuru miaka ile Waafrika wakipandisha bendera zao, mle ndani anaonekana zaidi akigombana na mpenzi wake wakiwa safarini kwenda kazini. Jina limebaki kubwa, kazi imekuwa ndogo.

Na sisi wasomaji wa Kiswahili tutaletewa mengi ya kufufuliwa, maana wahusika wetu wa zamani nao wanapendwa, na kinachopendwa kina soko. Likija jina unalolijua kwenye jalada jipya, nunua, soma, furahi. Ila ukifika katikati jiulize kama Mshambaa: huyu amekuja na nyama, au amevaa ngozi tu?